Dalili Alizojifunza Wifi

Jumatatu, 12 Mei
Kidonge. Nusu saa. Ndipo uji. Kisha kupura alizeti. Kufikia mchana kope zimeanguka, naona wifi wawili. Mmoja ananitosha. Zaituni, dada wa mume wangu, akawaambia wapuraji, "Anasinzia huyo. Uvivu umepewa jina la hospitali." Wakacheka. Namchukia. Atanilipa.

Alhamisi, 15 Mei
Kikohozi tangu juzi. Daktari alishanieleza: kinga ya mwili wangu mwenyewe inaizuia misuli isipokee amri ya neva. Kifua kikiugua, hata misuli ya kupumua inaweza kugoma. Nimemwomba Hamisi, mume wangu, tutoke Sepuka twende mjini Singida. Zaituni akadakia, "Anadeka, kaka. Maliza alizeti kwanza." Hamisi akarudi kupura. Hilo nalo nimeliweka moyoni.

Jumamosi, 17 Mei
Maji niliyokunywa yametokea puani. Kichwa nakishikilia kwa mkono. Nikilala chali, pumzi haitoshi. Sentensi siimalizi. Ndizo dalili zenyewe, daktari alisema nisisubiri. Sikumwomba mtu wa nyumba hii. Nimemwandikia ujumbe mdogo wangu aliyeko mjini aje na gari. Amejibu yuko njiani.
Nikifa, Zaituni asiguse sanda yangu.

Jumatano, 28 Mei
Hospitali, mjini. Mpira wa kupumulia wameutoa kooni jana. Mwandiko mbaya. Nesi alitaka ndugu mmoja afundishwe dalili za hatari. Mdogo wangu akainuka. Nikatikisa kichwa, nikamnyooshea kidole Zaituni, amesimama mlangoni na chupa ya chai. Ajifunze yeye. Nesi aliponivuta makohozi, Zaituni akafumba macho. Nikagonga chuma cha kitanda mpaka akayafumbua. Alikuwa analia. Nilifurahi. Siku nyingi sijafurahi hivyo.

Jumapili, 15 Juni
Niko nyumbani. Kila asubuhi Zaituni anakuja kukaa mbele yangu. Namwambia, "Haya, wifi." Anataja: kupaliwa, sauti kutokea puani, shingo kulegea, kukosa pumzi ukilala. Akisahau moja, anaanza upya.
Leo hakusahau. Akasema, "Nisamehe, wifi. Sikujua."
"Uliambiwa," nikamjibu.
Akainuka kwenda kupika.
Mchana ugali na mlenda. Hamisi alikula, akatoka. Zaituni hakugusa tonge. Alikuwa anatazama koo langu, kila ninapomeza.
Nilikula taratibu kuliko nilivyohitaji.