Habari ya Amisi, Bwana Yake Zaina

Matadi, tarehe 9, mwezi wa tatu 1953

Kwako dada yangu Mwanvua, pale Kasongo,

Pokea salamu zangu, wewe na watoto wote. Mimi niko muzima, ila nimechoka. Tangu tutoke Anverse, kule Ubelgiji, ni siku kumi na nane natandika vitanda vya wazungu, nafagia vyumba vyao na kuosha sahani huku meli inayumba. Mugongo unaniuma. Kitenge chako nimekinunua, ni cha kijani.

Dada, Amisi, bwana yake Zaina, amefariki. Tulikuwa tunaosha masufuria pamoja. Homa ilimukamata siku ya sita ya safari, na siku ya tisa akanyamaza. Mzungu mkubwa wa jikoni akaniambia, "Toa mashuka yake. Mabaharia watamufunga ndani ya turubai."

Nikamwambia, "Bwana, huyu ni mutu wetu wa Kasongo. Kwanza nitamuosha mimi."

Akaniangalia sana, kisha akanipa ndoo mbili za maji ya kunywa. Nikamuosha, nikamusomea dua nilizokumbuka. Halafu wakamushusha baharini, nami nikarudi kuandaa meza ya chakula cha mchana.

Nenda kwa Zaina kabla hajasikia kwa wengine. Mwambie aliyemuosha ni mutu wa nyumbani. Akiuliza kaburi iko wapi, usimujibu. Nakuja kumwambia mwenyewe, na sitapanda meli tena.

Mimi ndugu yako,
Lukumani