Mkono Barabarani Jeppe

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Viena jua linachoma kama Tanga, nasi tumekuja na makoti mazito, eti kwa kuwa hapo Joburg ni baridi! Aiskrimu yao tamu, sikatai. Lakini Hamisi anatangulia peke yake akipiga picha masanamu, mimi nyuma nimebeba koti langu na lake. Jana nikamwambia, "Mume wangu, nishike mkono." Akashangaa. "Wa nini? Huku hakuna tsotsi wa kutukaba." Miaka kumi na mbili hapo Joburg, barabarani Jeppe, hajawahi kuniachia mkono, nami nikikuringia kwamba napendwa. Kumbe ilikuwa hofu.

Nibusie wanangu, usiwaambie kitu. Natamani turudi Jeppe, dada, aogope tena.

Mdogo wako,
Zuhura