Kizimba cha Popo Si Tenga la Kuku

Kahama, Alhamisi

Kuku! Nimerudi kutoka kazini nikakuta kizimba cha mbwa wangu Popo kimejaa kuku.

Shemeji Maduhu alikichukua asubuhi bila kuniuliza, akaenda nacho Samuye kwa mama mkwe, akarudi na kuku wa kutuaga. "Shemeji, mtahamiaje Dar mikono mitupu?" anasema huku anacheka. "Na hili tenga lilikuwa limekaa bure."

Tenga! Kizimba hicho nilikifuata Mwanza, baada ya kulikataa sanduku la fundi ambalo mbwa asingeweza hata kusimama na kugeuka. Watu wa shirika la ndege wangelikataa pale pale. Nimemfundisha Popo taratibu kuingia mwenyewe, kulala humo, kufungiwa mlango bila kulia. Nikamtandikia khanga niliyokuwa nalala nayo, ili kule kwenye giza la ndege asikie harufu yangu.

Khanga hiyo Maduhu kaichana vipande, kafungia kuku miguu.

Na bado nikampigia mama mkwe simu, nikamwamkia, nikashukuru. Kuku wa kuagwa hawakataliwi.

Nimekisugua kizimba kwa sabuni mpaka mikono inawasha. Popo anafika mlangoni, ananusa, anarudi nyuma. Ndege ni Jumamosi. Asipoingia je?

Jioni nikapandwa na hasira, nikamsukuma ndani kwa nguvu. Akalia kama mtoto, akaniponyoka.

Sasa hivi ninavyoandika, amelala sebuleni, kajikunja miguuni pa Maduhu.