Nimewaambia Watu wa Benki Kuwa Mambo Ni Mazuri

Mshauri mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo wewe, na kikohozi kimepungua? Jumamosi nilikusikia redioni unakatisha maneno, nikakuombea. Sisi huku mwaloni, panaposhushwa samaki, upande wa Busisi, wazima, ila naomba msaada maana nimejiaibisha kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kuna benki kubwa imekikopesha kiwanda cha minofu ya samaki hapa jirani na sasa kinaomba mkopo mwingine kipanuke, na walivyotueleza, anayetoa mikopo hajisimamii, kuna dawati jingine Dar la mazingira na haki za binadamu, na juu yake kamati ya bodi inayoweza kuzuia mkopo, na huku chini wananchi tunachagua mtu wa kupeleka malalamiko, basi wakanichagua mimi, na kwa akili zangu za darasa la saba nikadhani ni kwa sababu najua kufungua kikao kwa sala, nikanunua na kitenge kipya.

Akaja Pius, ofisa mikopo, kijana mstaarabu. "Shikamoo mama, habari za hapa?" Nzuri, tunamshukuru Mungu. "Kiwanda je?" Hakina neno. "Na maji?" Mazuri, baba, karibu sangara! Mshauri, mgeni hata hajanawa nimtwishe shida? Sisi hata msibani tunajibu nzuri kwanza, akishakula ndipo tunasema. Pius akala, akashukuru, akaondoka. Kumbe ule ndio ulikuwa ukaguzi!

Na bomba la kiwanda linamwaga maji ya uozo pale Mwanvua na wenzake wanapoanika dagaa, wanunuzi wananusa, wanaondoka. Mwanvua kanijia: "Mama Bernadeta, umetuuza kwa samaki, tena samaki wako mwenyewe!" Nilicheka, kisha nikaingia ndani kulia. Kiwanda kikipanuka hawana pa kuanika. Kamati inakaa wiki ijayo. Nikisema sasa nitaonekana mwongo, nikinyamaza nitapigaje magoti?

Nakuomba unijibu mapema.

Bernadeta

*

Bernadeta,

Kikohozi kimepungua, asante kwa sala. Sasa nisikilize. Ulimkirimu mgeni, sikulaumu. Ila mama, hukuchaguliwa kumfurahisha! Na huyo Pius, anakagua maji akiwa mbele ya sahani?

Usimrudie. Kazi yake ni kukopesha. Umeeleza vizuri mwenyewe kwamba lipo dawati la pembeni, basi hilo ndilo lako. Kesho asubuhi piga simu makao makuu ya benki Dar, waulizie hao wa mazingira na haki za binadamu, useme: "Niliyomwambia ofisa wenu nayafuta, maji ni machafu, kamati ijue kabla haijakaa." Utaona aibu kidogo. Ione tu, Mwanvua anakosa wateja. Kisha mpe simu aseme mwenyewe. Wakizungushazungusha, nendeni wote kwa ofisa mazingira wa halmashauri.

Wakija kukagua, usiwakaribishe nyumbani. Washushe moja kwa moja hadi kwenye vichanja vya dagaa, wasimame pale na viatu vyao, na asiondoke mtu mpaka Mwanvua amalize kusema.