Kwa Lado, Uliyekipa Kiboksi Kiti cha Mbele

Lado,

Usidhani nakuandikia kwa upole. Kanisani wote walikusifu, ati fundi mtulivu, ati rafiki wa kweli, nami nikanyamaza kwa heshima ya mama yako. Sasa niko peke yangu, kwa hiyo nisikilize, mjinga wewe.

Nilikuambia ungoje ndege ya kesho. Uko Kampala, leza ya mashine yetu ya macho umeshaipata, haraka ya nini? Ukanijibu kwenye simu, "Macho ya mama hayangoji." Haya. Ukapanda pikapu ya vitunguu, na kiti cha pekee kilichobaki mbele ukakipa kiboksi cha leza! Dereva alinieleza mwenyewe pale zahanati ya Nesitu, kichwa kimefungwa bendeji. Ulikiketisha, ukakifunga mkanda, ukamwonya apite mashimo taratibu. Wewe ukaenda kukaa nyuma juu ya magunia. Gari lilipopinduka, kiboksi hakikupata hata mkwaruzo.

Khalas, yamekwisha. Kiboksi kizima, wewe umekufa.

Najua, najua. Leza yenyewe ni ndogo kuliko punje ya simsim. Juu yake kuna kioo kinachoning'inia kwa springi nyembamba kuliko unywele. Springi zikipinda, kioo kinapanda na kushuka, mwanga unabadilika rangi, na hapo ndipo mashine yetu ya kliniki inaona ndani ya jicho. Ulinihubiria hayo mpaka chai ikapoa. "Taratibu, ndugu yangu, inapinda lakini haitaki fujo." Na mbavu zako je, nani alikuambia zinapinda?

Nilikitupia kiboksi kwenye droo. Nilikichukia, Lado, bado nakichukia. Daktari wetu akanibembeleza wee, mwishowe nikaenda kwenu Malakia kumwambia mama yako kwamba leza ipo, na wa kwanza kupimwa ni yeye. Nikamkuta anamimina chai nje ya kikombe. Akakataa katakata: "Mimi hapana taka. Kitu ile ilikula mtoto yangu."

Hiyo ilikuwa kazi yako, kumjibu. Ukaniachia mimi! Nikaropoka hapohapo uani, kando ya kaburi lako: "Mama, usipopimwa, basi huyu mjinga alikufa bure." Nilidhani atanipiga. Akaniomba viatu vyake.

Leza nimeifunga mwenyewe kwenye mashine, huku nikikutukana. Springi zikapinda kama ulivyosema. Nikaona nyuma ya jicho la mama yako, tabaka kwa tabaka, na daktari akasema tumewahi, sindano zitamsaidia. Nikafurahi, halafu nikataka kuivunja ile mashine kwa nyundo. Mama hakutabasamu. Alijifuta machozi ya dawa, au sijui ya nini, akaniuliza, "Sasa mimi itaona nani?"

Mjibu basi. Si ulikuwa na maneno mengi wewe? Mimi nilimshika mkono tukatoka.

Lala, Lado. Mungu akuweke anapopenda, mimi sina neno. Sindano zote nitampeleka mimi, hata kama mvua imeharibu njia, na atakaponitazama usoni akitafuta uso wako, nitavumilia. Hilo nakuahidi. Kukusamehe, bado. Nikija huko, tutagombana kwanza, ndipo tusalimiane.

Wani