Jumamosi Tonton Anselme Aliyomwoza Colette

Mangobo, Kisangani
Tarehe 19 Agosti 1956

Mpendwa yaya Julienne, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji Édouard. Je, mgongo umepoa tangu ujifungue? Mtoto ananyonya vizuri? Sisi huku tu wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini sauti ya kutugombeza bado anayo.

Najua unangoja habari za arusi ya binamu yetu Colette. Kidogo tu iharibike, yaya.

Unajua tonton Anselme anapika kwa wale matajiri wa kahawa, katika nyumba kubwa ya kando ya mto, nami nafua na kupiga pasi hapo hapo. Aliomba ruhusa ya kumwoza binti yake tangu Pasaka, na Madame akakubali. Siku tatu kabla ya arusi Madame akaja jikoni, akasema Jumamosi atakuwa na wageni kutoka Ulaya, kwa hiyo hakuna ruhusa.

Tonton alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini.

“Madame, Jumamosi mimi iko baba ya bibi arusi. Siwezi kuwa mupishi.”

“Alors, boi, ukienda usirudi.”

Tonton yuko nyumba ile tangu kabla ya vita. Alivua aproni, akaikunja, akasema, “Bon. Bakia na amani, Madame.”

Colette aliposikia alilia, akataka arusi isogezwe mbele. Baba yake akakataa. “Kazi nitapata ingine. Weye uko mumoja tu.”

Basi ikafungwa, yaya, tena kwa shangwe! Wenzake Théodore, bwana arusi, walileta samaki waliovuliwa na Wagenia, wengine bado wanarukaruka. Mama Clothilde alimkataza mumewe asikaribie vyungu, lakini tonton hakuacha kufunua vifuniko na kuonja, mpaka akanyang’anywa mwiko mbele ya wakwe.

Mchana gari la Bwana, mumewe Madame, likasimama nje, na wageni wawili ndani. Nyama ya Madame ilikuwa imeungua, nao walikuwa na njaa. Bwana alivua kofia, akapongeza. Tonton akamwonyesha benchi walipokaa watu wengine, wala hakuinuka kumpakulia. Mama Clothilde akawapa liboke, samaki waliopikwa ndani ya majani, wakala kwa mikono na kulamba vidole. Tonton alikuwa anacheza ngoma.

Jumatatu akaja Madame mwenyewe. Mtaa mzima ulitoka kumtazama. Alisimama mlangoni.

“Anselme,” akasema. Miaka yote sijasikia jina hilo kinywani mwake. “Tafadhali, rudi.”

“Nitarudi Alhamisi, Madame. Sasa niko na wageni ya mutoto yangu. Na kila Jumapili, sisi wote watumishi tutapumzika.”

Madame akatazama viatu vyake vilivyojaa vumbi. “D’accord,” akakubali.

Mama Clothilde akamletea kiti, akakaa, akanywa maji yetu.

Leo basi ni Jumapili yetu ya kwanza. Nguo za Madame ziko kapuni, chafu, nami nimekaa uani kwa mama, nimevaa shati langu mwenyewe nililolipigia pasi.

Mama anakusalimu, pia tonton, mama Clothilde na maarusi wetu. Mbusu mtoto kwa niaba yangu. Mungu awape maziwa, usingizi na nyumba yenye kicheko.

Mdogo wako anayekupenda sana,
Eugène