Mashine Haina Magoti

Logan, 4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, na sukari je? Mwambie Shangazi Pepe asikufiche dawa eti kwa sababu umemnunia. Huku ughaibuni sote wazima, ila joto linatukamua.

Uliuliza kama bado naandika programu. Siandiki tena, Baba. Naiambia akili mnemba ninachotaka, nayo inaandika kwa dakika tatu kazi iliyokuwa ikinila wiki nzima. Mimi napitia tu na kubonyeza "kubali". Jana nilibonyeza mara arobaini na mbili. Nikianza kusoma kwa utulivu, bosi wangu Darren hucheka: "Lanuola, ukisoma kila mstari, magari yetu yatafika Krismasi!" Ni yale magari yanayowachukua wagonjwa majumbani kwenda kusafishwa damu. Wenzangu watano wameshapunguzwa. Naogopa kuwa wa sita, basi nabonyeza.

Bintiyo,
Lanuola

Safotu, 19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mguu unalalamika kuliko mwenye mguu. Shangazi yako hajambo, na mdomo wake haujambo zaidi.

Nimejenga nyumba miaka arobaini. Vijana walifunga nguzo na boriti kwa kamba, kisha mimi nikapitisha kidole juu ya kila fundo kabla ya kusema nyumba hii ni yangu. Walinicheka sana. Kimbunga kilipopita hawakucheka. Soma, mwanangu. Haraka haraka haina baraka, hata ikiwa haraka yenyewe ni ya mashine.

Baba yako

Safotu, 30 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Hii ni barua ya tatu bila jibu. Ukimya wako haunipi usingizi. Kama unaumwa, sema. Kama umekosa, sema pia.

Baba yako

Logan, 11 Juni

Baba,

Shikamoo. Siumwi. Nimekosa.

Mwezi wa nne niliiambia mashine iondoe majina yaliyojirudia kwenye orodha ya wagonjwa. Ikaandika, ikajipima yenyewe, ikasema safi. Nikabonyeza bila kusoma. Ndani kulikuwa na mstari mmoja: jina moja, nyumba moja, basi ni mtu mmoja, abaki aliyeandikwa mwisho.

Maili chache kutoka kwangu kulikuwa na bibi wa kisiwani kwetu, Fuatino, wa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mjukuu wake, somo yake aliyepewa jina hilo hilo, anaishi naye, na alikuwa ameandikwa majuzi kwa ajili ya mazoezi ya mguu. Mashine ikambakiza mjukuu, ikamfuta bibi. Bibi alikaa kibarazani na mkoba wake mapajani, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Jamaa zake wakipiga simu, ofisi inajibu: "Fuatino yumo kwenye orodha, subirini." Jumapili alifariki.

Baba, nyumbani kwetu tulikuwa Lanuola wawili chini ya paa moja, mimi na Bibi. Ukiita, tunaitika wote, Bibi anakutukana. Mtu yeyote wa kwetu angeuona mstari ule na kupiga kelele. Ningeusoma, ningeuona.

Darren anasema aliyekosea ni mashine, na wanasheria wamekataza mtu yeyote kwenda msibani. Nifanye nini?

Lanuola

Safotu, 20 Juni

Mwanangu,

Nimelia, kisha nimeosha uso ili nikuandikie.

Mashine haina magoti. Wewe unayo. Omba msamaha kwa desturi yetu: nenda alfajiri, kaa chini mbele ya mlango wa wafiwa, jifunike mkeka, na usiseme neno hadi waufunue; wakiupokea, wamekusamehe. Wakichagua kukupiga mawe, hiyo ni haki yao. Mjomba wako Iosefo wa huko huko atakaa kando yako, maana kosa la mmoja wetu ni letu sote. Mguu huu ungekubali, ningekaa mwenyewe.

Nakutumia mkeka mzuri wa marehemu mama yako, ule niliouweka kwa maziko yangu. Usibishane nami. Maiti haoni baridi.

Baba yako

Logan, 7 Julai

Baba,

Shikamoo. Mkeka ulifika salama. Nilimwambia Darren kwamba nakwenda. Akasema, "Ukienda, usirudi." Akachukua kadi yangu ya mlango siku ile ile.

Tulikaa mimi na Mjomba kwenye umande tangu kabla ya mapambazuko. Nilisikia mlango ukifunguliwa, watu wakinong'ona, mlango ukafungwa. Mjomba alianza kutetemeka kwa baridi. Jua lilikuwa limeshapanda mtu alipoufunua mkeka. Alikuwa msichana mwenye gongo.

"Mimi ndiye Fuatino mliyembakiza," akasema.

Akajikongoja akakaa chini kando yangu, palepale kwenye majani. Akaniuliza jina langu, nikamwambia. "La nani?" "La bibi yangu." Basi tukalia, Baba, tumeshikana. Watu wa ndani wakatoka, wakatuingiza, wakatupa chai na mkate. Mkeka wameupokea.

Wakati wa kuaga alinisindikiza hadi getini.

"Dada, ule mstari bado upo?"

"Niliufuta kwa mkono wangu."

"Na mingine uliyoikubali umeisoma?"

Sikuisoma, Baba. Ni mamia, magari yanaendeshwa nayo kila asubuhi, na kadi ya mlango ya kuingilia kuisoma sina tena. Nikamwambia hivyo hivyo.

Lanuola